Salfa, chokaa na jasi: mzani wa asidi katika mashamba ya korosho Mtwara

Msimu wa kupulizia mikorosho unapokaribia, mabishano hurudi kuanzia Newala na Tandahimba hadi vijiji vya karibu na mto Ruvuma. Mkulima mmoja anasema salfa imeua ardhi, ndiyo maana karanga zake chini ya mikorosho hazijazi tena. Mwenzake anajibu kwamba salfa ni madini ya asili, hata kilimo hai kinairuhusu, kwa hiyo haiwezi kudhuru. Wa tatu anashauri chokaa. Wa nne anauliza kwa nini atafute chokaa wakati jasi ipo Kilwa, nayo ni unga mweupe wenye kalsiamu vilevile. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Vipande hivyo vinagongana kwa sababu mambo matatu yanachanganywa: nguvu ya asidi, wingi wake, na mahali inapojificha ndani ya udongo.

Salfa ilifikaje hapa

Mkorosho ni mgeni wa kale. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, nao ukaupenda mchanga wa pwani ya kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Miaka 13 baadaye, msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kiasi cha tani 16,500.

Sababu zilikuwa nyingi. Kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa kuliwaweka wakulima mbali na miti yao, na bei haikumtia mtu moyo wa kurudi porini kupalilia. Kisha ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaoitwa kitaalamu Oidium anacardii, uliotambuliwa nchini mwaka 1979. Ukungu huu hushambulia machipukizi na maua, na ua lililoungua halitoi korosho.

Dawa iliyofanikiwa ilikuwa vumbi la salfa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kiliifanyia majaribio na kuieneza, na katika miaka ya 1990 mlio wa mashine za kupulizia ukawa sehemu ya asubuhi za kiangazi. Mwaka 2017 Serikali iligawa salfa bure, na msimu wa 2017/18 uzalishaji ukafika takriban tani 313,000. Haitakuwa haki kuipa salfa sifa zote za ongezeko hilo, maana bei nzuri na miche mipya vilichangia. Hata hivyo, hakuna anayeifahamu korosho ya kusini atakayeieleza historia hiyo bila kuitaja salfa.

Wasiwasi kuhusu ardhi nao si wa leo. Mwaka 1997 A. E. Majule, C. P. Topper na S. Nortcliff walichapisha utafiti kuhusu athari za kimazingira za kupulizia salfa kwenye mikorosho ya kusini mwa Tanzania. Mwaka 2003 E. L. Ngatunga wa Naliendele, pamoja na S. Dondeyne na J. Deckers, waliuliza katika kichwa cha makala yao iwapo salfa inaongeza asidi katika udongo wa korosho wa kusini mashariki mwa nchi. Swali lina umri wa zaidi ya miaka 20, na bado vijijini linajibiwa kwa kukisia.

Salfa si asidi, ila huzaa asidi

Ukitia kijiko cha salfa kwenye glasi ya maji na kupima kwa karatasi ya pH, karibu hakuna kitakachobadilika. Salfa haiyeyuki katika maji. Kwa kipimo hicho, anayesema salfa si asidi amesema kweli.

Mambo hugeuka shambani. Vumbi lisiloshika kwenye majani na maua huanguka chini ya kivuli cha mti, likakaa hapo kiangazi kizima. Mvua za mwisho wa mwaka zinapolowesha udongo wenye joto, bakteria wa jamii ya Thiobacillus huichoma salfa kwa oksijeni ili kupata nishati, na kinachobaki ni asidi ya salfuriki, ile ile iliyomo kwenye maji ya betri. Kila gramu 32 za salfa huzaa moli 2 za ioni za hidrojeni, na ioni hizo ndizo uasidi wenyewe.

Kwa hesabu hiyo ukubwa wa jambo unaonekana. Tuchukue shamba lenye miti iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti 69 kwa hekta, na kila mti upulizwe robo kilo mara tano kwa msimu. Hiyo ni kama kilo 86 za salfa kwa hekta. Zote zikigeuka kuwa asidi zitatoa takriban moli 5,400 za ioni za hidrojeni kila mwaka, na ili kuzizima zinahitajika kilo 270 hivi za unga safi wa mawe ya chokaa. Kwa lugha ya ghalani, mfuko mmoja wa salfa wa kilo 25 unadai kilo 78 za chokaa. Kiasi halisi hupungua kwa sababu vumbi jingi hupeperushwa na upepo, lakini mahesabu yanatosha kuonyesha kwamba deni lipo, na kwamba linaongezeka kila msimu.

Nguvu na wingi ni mambo mawili

Mkanganyiko mkubwa unaanzia hapa, na mahali hapa hapahitaji haraka.

Asidi yenye nguvu ni ile inayoachia ioni zake za hidrojeni zote, au karibu zote, inapoingia kwenye maji. Asidi dhaifu huachia chache, zilizobaki ikaendelea kuzishikilia. Katika asidi dhaifu kuna msawazo: chembe zinaachana na kurudiana wakati wote, kwa kasi sawa pande zote mbili, hivyo kwa nje panaonekana pametulia. Chukua asidi ya siki na asidi ya hidrokloriki, kila moja kwa kiwango cha desimoli 1 kwa lita. Ya hidrokloriki itaonyesha pH 1. Ya siki itaonyesha pH 2.9 hivi, kwa kuwa kati ya chembe zake 100 ni moja tu na ushee iliyoachia ioni yake. Ukitazama karatasi ya pH peke yake utasema siki ina asidi kidogo mno.

Sasa jaribu kuzizima zote mbili kwa besi. Zitahitaji kiasi kilekile. Kila besi inapozitwaa ioni chache zilizo huru, msawazo unavurugika, na siki inaachia nyingine kujaza pengo mpaka akiba yake iishe. pH inapima ioni zilizo huru wakati huo. Haielezi ni ngapi zimejificha nyuma yake.

Udongo una tabia ya siki. Asidi ya salfuriki ikizaliwa humo haibaki kuwa asidi kali kwa muda mrefu. Ioni zake za hidrojeni hudakwa na mfinyanzi na mboji, na pH inaposhuka huanza kuyeyusha aluminiamu kutoka kwenye madini ya udongo. Aluminiamu iliyoyeyuka ikizungukwa na maji nayo ni asidi dhaifu, nguvu yake ikikaribia ya siki. Kwa hiyo nguvu ya maji ya betri hugeuzwa kuwa akiba ya asidi dhaifu iliyong'ang'ania chembe za udongo. Anayehofu kwamba shamba lake limejaa maji ya betri anaogopa kisichokuwepo. Na anayejituliza kwa sababu pH imeshuka kidogo tu anapima korosho zilizo kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) akasahau zilizojaa ghalani.

Tofauti ya viwango hivyo viwili inashangaza. Katika hekta moja, tabaka la juu la sentimita 20 lina takriban tani 2,600 za udongo. Ukiwa na unyevu wa asilimia 10 na pH 4.5, ioni zote za hidrojeni zilizo huru kwenye maji yake zinaweza kuzimwa kwa chini ya nusu kilo ya chokaa. Lakini asidi ya akiba ikiwa nusu sentimoli tu kwa kilo ya udongo, kiasi ambacho si kikubwa, itahitaji kilo 650. Ushauri wa chokaa unaotolewa kwa kutazama karatasi ya pH pekee, bila kipimo cha asidi ya akiba, ni wa kubahatisha.

Kwa nini mchanga wa Makonde

Salfa hiyohiyo ikimwagwa kwenye mfinyanzi mweusi wa bondeni ingechukua miaka mingi kuleta tofauti inayoonekana. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu wenye mfinyanzi na mboji kidogo, na sehemu nyingi za pwani ni mchanga mtupu. Udongo wa namna hii hauna pa kuzihifadhi ioni za hidrojeni, hivyo pH hushuka upesi. Tena salfeti inayobaki haikai peke yake. Mvua ikiisukuma chini, huondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, kwa kuwa chaji hasi haiwezi kusafiri bila chaji chanya.

Udhaifu huo una upande wake wa pili ambao mabishano huusahau. Udongo unaoharibika kwa asidi kidogo hutengenezwa pia kwa chokaa kidogo. Shamba la mchanga ni rahisi kuliumiza na ni nafuu kulitibu.

Hoja ya wanaosema salfa haina neno

Wana hoja za kweli. Salfa ni kirutubisho cha mmea. Sumu yake kwa binadamu ni ndogo ukilinganisha na viuatilifu vingi, ingawa vumbi lake huwasha macho na kusumbua kifua. Hushambulia ukungu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukungu haujapata mwanya wa kuizoea. Na mkorosho wenyewe huvumilia asidi kuliko mazao mengi, kama ulivyo mhogo.

Kosa lao ni kupima shamba kwa mti mmoja. Chini na kandokando ya mikorosho kuna mahindi, karanga, kunde na mbaazi za familia. pH inaposhuka chini ya 5.5 aluminiamu huanza kuyeyuka, na ikizidi hudumaza ncha za mizizi ya mahindi hata mvua ikiwa ya kutosha. Karanga huumia kwa njia nyingine pia, kwa kuwa ganda changa hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo linamokulia. Kalsiamu ikikosekana hapo, mkulima huvuna maganda matupu. Hasara ya salfa inaweza kuanza kuonekana kwenye sufuria ya nyumbani miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye gunia la korosho. Aidha, uasili wa kitu haumhakikishii mtu lolote: maji ya betri yanatokana na salfa hiyohiyo ya asili.

Hoja ya wanaotaka salfa iachwe

Kwenye kemia wako sahihi. Udhaifu wao ni njia mbadala wanazopendekeza. Dawa za maji za jamii ya triazoli, kama triadimenoli na heksakonazoli, huzuia ubwiriunga kwa kiasi kidogo sana cha kiambato na hazileti mzigo wa asidi unaofanana na wa salfa. Ila zinataka maji, na uwanda wa Makonde ni sehemu iliyoteseka kwa uhaba wa maji tangu enzi za mababu. Mama aliyekwenda mbali kutafuta ndoo ya maji hawezi kuambiwa aimimine kwenye pampu ya kupulizia. Vumbi la salfa lilishinda huko kwa sababu halihitaji hata tone. Zaidi ya hayo, triazoli hulenga kimeng'enya kimoja cha ukungu, na dawa ya namna hiyo ikitumiwa peke yake mwaka hadi mwaka hukaribisha usugu.

Wanasahau pia kwamba salfa sio chanzo pekee cha asidi. Mvua hupita kwenye mchanga ikiondoa kalsiamu kila mwaka, mavuno hubeba madini nje ya shamba, na mbolea zenye amonia huzalisha asidi kupitia bakteria wengine. Kuiondoa salfa leo hakutairudisha pH ya jana. Ghala la asidi litabaki limejaa hadi pawepo besi ya kulimaliza.

Chokaa na jasi: kalsiamu ileile, kazi tofauti

Anayeuliza kwa nini asitumie jasi ya Kilwa badala ya chokaa anastahili jibu kamili, kwa kuwa jibu lake linafumbua suala zima.

Mawe ya chokaa ni kalsiamu kaboneti, na jasi ni kalsiamu salfeti. Kalsiamu haizimi asidi. Kazi hiyo hufanywa na mwenzake, na uwezo wa mwenzake hutegemea asidi aliyotoka. Kadiri asidi inavyokuwa dhaifu, ndivyo sehemu inayobaki baada ya kuachia hidrojeni inavyokuwa na uchu wa kuirudisha. Kaboneti inatokana na asidi ya kaboni, asidi dhaifu ya kwenye soda, kwa hiyo hunyakua ioni za hidrojeni kwa nguvu. Tena ikishazinyakua hugeuka maji na hewa ya kaboni dioksaidi, hewa hiyo hutoka nje ya udongo, na msawazo unaendelea kuvutwa upande uleule mpaka chokaa iishe.

Salfeti ni mabaki ya asidi kali. Asidi iliyoachia hidrojeni yake kwa urahisi namna ile haina haja ya kuirudisha. Katika udongo wenye pH 4.5, ni chini ya chembe moja kati ya 100 za salfeti itakayokubali kuishika ioni ya hidrojeni. Ndiyo maana gunia la jasi halizimi asidi iliyoletwa na salfa, hata ungelimwaga lote.

Hiyo haiifanyi jasi kuwa ya bure. Huyeyuka kuliko chokaa, kwa hiyo hupeleka kalsiamu chini ambako chokaa hufika polepole, na salfeti yake huungana na aluminiamu na kuipunguzia sumu kwa mizizi. Kwa karanga zinazokosa kalsiamu jasi ni msaada wa haraka. Lakini ikitumika yenyewe bila chokaa huacha deni la asidi palepale, na ikizidishwa kwenye mchanga inaweza kuisukuma magnesiamu nje ya upeo wa mizizi.

Majivu ya jikoni nayo ni besi ya kweli, kwa kaboneti zake za potasiamu na kalsiamu. Yanafaa bustani ya mchicha. Kwa hekta nzima hayatoshi, na kuchoma miti ili kuyapata itakuwa hasara juu ya hasara.

Chokaa itoke wapi

Ushauri wa chokaa una hatari yake, nayo iko baharini. Katika pwani ya Mtwara na Mikindani matumbawe yamechimbwa na kuchomwa kwenye matanuri kupata chokaa ya ujenzi, kuni zake zikitoka misituni na kwenye mikoko. Mahitaji ya mashamba yakielekezwa huko tutakuwa tumeponya uwanda kwa kuua mwamba wanakozaliana samaki. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilikusudiwa kulinda utajiri huo, na matumbawe yana mzigo wao tayari: kaboni dioksaidi inayozidi hewani huyeyuka baharini, hupunguza kaboneti, na kuwaongezea matumbawe ugumu wa kujenga mifupa yao.

Hatari hiyo inaepukika, maana shamba halihitaji chokaa iliyochomwa. Jiwe lililosagwa likawa unga laini linafanya kazi ileile, bila tanuri wala kuni. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo Mtwara kwa wingi, na ndiyo yaliyokileta kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza uzalishaji mwaka 2015. Kikwazo ni kusaga na kusafirisha. Chokaa ni mzigo mzito wa bei ndogo, na nauli ya kuupandisha uwandani inaweza kuzidi thamani yake. Lakini malori yanayoshusha korosho kutoka Newala na Tandahimba kuelekea Mtwara hulazimika kurudi juu, na chokaa inaweza kuwa mzigo wa kurudia.

Yapo mazingira mengine ya kemia hiyohiyo yanayohitaji onyo fupi. Tope la mikoko kwenye maingilio ya Ruvuma hubeba salfa iliyofungwa na chuma katika hali isiyo na oksijeni. Likiwa chini ya maji halina madhara. Likichimbwa na kukaushwa kwa ajili ya mashamba ya chumvi au mabwawa, hewa huigeuza salfa hiyo kuwa asidi ya salfuriki kwa kiasi kinachoweza kuzidi cha shamba lolote la korosho. Mikoko ikae ilipo.

Uamuzi

Salfa iendelee kutumika, lakini isihesabiwe tena kuwa pembejeo iliyokamilika bila chokaa. Hatua ya kwanza ni kupunguza mahitaji yake. Kukata matawi yaliyosongamana, kuondoa machipukizi yanayohifadhi ukungu, kukagua maua kabla ya kupuliza, na kupanda aina zilizoteuliwa Naliendele kwa ustahimilivu hupunguza idadi ya mizunguko. Penye maji, mzunguko mmoja au miwili ya dawa ya maji ibadilishane na salfa. Hatua hizi zinamfaa mkulima hata kama suala la asidi lisingekuwepo.

Kisha udongo upimwe asidi ya akiba, na si pH peke yake. Lengo liwe pH 5.5 tu, kwa kuwa chokaa ikizidi kwenye mchanga huifunga zinki, manganizi na boroni, na mkulima akabaki na tatizo jipya. Dozi ndogo kila baada ya misimu michache, ikianzia chini ya kivuli cha mti na kwenye vipande vya mahindi na karanga, ni salama kuliko dozi kubwa ya mara moja. Jasi iwekwe pale kalsiamu inapokosekana, juu ya chokaa na kamwe si badala yake.

Kwa Bodi ya Korosho, vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU, na halmashauri za kusini, ombi ni moja: mnapopanga mahitaji ya salfa ya msimu, andikeni kwenye jedwali lilelile tani za unga wa mawe ya chokaa, kilo 3 kwa kila kilo 1 ya salfa, pamoja na nauli ya kuzifikisha kijijini. Mkulima hawezi kulipa peke yake deni la asidi ambalo taifa zima limelikopa kupitia shamba lake.